Mwizi wa Tandawala Tuliyemfukuza Hadi Manfuha

Leo nimeaibika mbele ya mfadhili, mbele ya mzee wa watu, na mbele ya kuku.

Kazi yangu mnaijua. Taasisi yetu inachunguza wanyama wa jangwani, kituo kiko mbali na Riyadh, na mimi nafuatilia tandawala, yule ndege mkubwa ambaye matajiri wa huku wanapenda kumwinda. Tunamfunga mgongoni kidude cha redio. Ukiwa na mashine na antena unasikia pi, pi, pi, unajua yuko wapi. Tangu mafuta yapande bei, Jeddah kuna watu wenye hela hadi za kufadhili ndege wa porini. Mmoja wao, Bwana Saleh, alikuja leo ofisini Riyadh kuamua kama atulipie mwaka mwingine. Akikataa, mkataba wangu halas, ikama nayo, kibali cha kuishi huku, halas, narudi Tanga.

Nikataka kumwonyesha mashine. Nikaiweka kwenye namba ya tandawala wetu mmoja, nikamwambia, "Huyu yuko jangwani kabisa. Hapa mjini hutasikia kitu."

Pi, pi, pi.

Nikaitazama namba tena, ni ile ile. Halafu nikajiona shujaa. "Ameibwa," nikasema. "Yumo humu humu mjini."

Bwana Saleh akachukua funguo za gari. "Yalla."

Yeye akaendesha, mimi nikatoa antena dirishani. Tukikata kulia, mlio upo. Tukikata kushoto, upo, tena kwa nguvu ile ile. "Mwizi ana gari," nikamweleza. "Anakwenda sambamba na sisi." (Nina shahada ya mambo haya. Mbili.)

Tulipofika mtaa wa Manfuha vichochoro vikawa vyembamba, tukashuka. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Uani mzee amekaa kwenye kigoda ananyonyoa ndege. Nikaokota unyoya, nikautazama juani, nikajisemea kwa sauti, "Ndiye."

"Ndiye nani?" mzee akauliza, kwa Kiswahili cha Unguja. Kumbe ni mwenzetu, Mzee Nassor, yuko huku tangu baada ya mapinduzi.

"Shikamoo mzee. Huyu ndege umempata wapi?"

"Marahaba. Sokoni. Kuku huyu, mwanangu. Kwenu hamna kuku?"

"Mashine inasema si kuku."

Akaniangalia kwa huruma, huruma ya kweli, ndiyo iliyoniuma. "Koti lako limejaa mchanga. Livue, ukae, utakula nasi."

Mzee wa watu unamtuhumu wizi, yeye anakukaribisha chakula. Nikavua. Akalichukua akaenda kulitundika chumbani. Nikamwelekezea kuku antena. Mlio ukafifia. Nikaigeuzia chumbani, ukapanda.

Bwana Saleh, ambaye hana shahada hata moja ya ndege, akaingia chumbani akatoka na koti langu. Akatia mkono mfukoni. Akatoa kidude, mkanda umekatika.

Nikampigia Otieno, mwenzangu kule kituoni.

"Si nilikwambia jana?" akasema. "Nilikiokota jangwani, nikakiweka kwenye koti lako ukitengeneze. Ukasema sawa, sawa."

Jana nilikuwa naangalia mpira.

"Na tandawala?"

"Nimemwona asubuhi. Mzima, anakula."

Nikamwomba Mzee Nassor radhi. Akasema yameisha, akaendelea kunyonyoa. Bwana Saleh hakucheka, na bora angecheka. Kuku akaiva, tukala, na mimi kila tonge nalimeza na barua ya kuachishwa kazi.

Alipomaliza kunawa ndipo Bwana Saleh akasema, "Nitalipa. Nunueni vidude vipya vya ndege wote." Akafuta mikono taratibu. "Na kimoja mfungeni huyu."

Basi, mkataba umepona. Naombeni tu msicheke. Otieno ameshaniuliza nakitaka mgongoni au shingoni.