Kitambaa ya Kapiteni Inaomba Unyenyekevu

Siku ya ine, 9 oktobre

Grand, kaka yangu mukubwa, weye mwenye kusoma daftari hii kwa kujificha, karibu! Papa Valens, kocha yetu hapa Mweso, ametangaza: siku ya Mungu tunacheza na equipe ya Ntoto, na mwenye atachaguliwa kapiteni atavaa kitambaa ku mukono mwaka muzima. Mwaka muzima! Akasema hatafuti mwenye kupiga nguvu. Anatafuta mwenye mupira ilishabadilisha roho yake. Bote bakaniangalia, bakacheka. Ngabo, numero kumi, akasema eti miye mupira ilinibadilishia paka viatu tu. Angoje!

Siku ya tano, 10 oktobre

Roho imebadilika! Tangu asubui. Nimesalimia batu bote njiani, hata bale tuligombanaka. Nimebebea mama ya Papa Valens bidon ya maji, na nimepita mbele ya mulango ya Papa Valens mwenyewe, polepole, ili anione. Koko, nyanya yangu, akauliza kama niko mugonjwa. Nikajibu hapana, njo mupira inanibadilisha. Ngabo yeye anafanya mazoezi kwa kilima. Musuli! Bure kabisa.

Siku ya posho, 11 oktobre

Mupango kubwa. Mbele ya equipe yote, kichwa chini, sauti ya mu kanisa, nikasema: Papa, miye sistahili, muniweke pembeni, nitaokota mipira. Iko vile kwetu. Banakupatia chakula, unasema nimeshiba, banakuongezea nyama. Kitambaa ingekuwa vilevile!

Machozi ikamutoka Papa Valens. Akasema muone, huyu ameshakomaa. Halafu akakubali. Amekubali, Grand! Kitambaa kwa Ngabo. Miye, mipira.

Siku ya Mungu, 12 oktobre

Uwanja yetu inainama sawa paa ya nyumba. Mupira ikitokea upande ya chini, inapita ng'ombe, inapita shamba ya viazi ya Mama Athanasie, inasimama ku mutoni. Batu ba Ntoto bakafunga goli moya, bakaanza kuipiga kule makusudi, ili muda iishe. Nani anashuka? Miye. Nani anapanda? Miye! Mama Athanasie akaniita ng'ombe ya miguu mbili, juu ya kukanyaga viazi yake. Batu bakaimba jina yangu, Zéphyrin, Zéphyrin! Kwa kucheka.

Kisha Ngabo akaanguka, muguu imekaza. Papa Valens akaangalia pembeni: paka miye tu, matope mpaka magoti. Nikaingia. Ajabu! Bale ba Ntoto bamechoka, miye kifua iko wazi juu ya kupanda kile kilima. Nikapita moya. Nikapita wa pili. Nikasikia nguvu sijaisikiaka tangu nizaliwe! Golikipa peke yake. Nikafunga macho, nikapiga.

Mupira ikaenda pembeni kabisa. Ku muguu ya Tumukunde, mwenye kucheza kushoto. Yeye akapiga. Goli! Tumesawazisha!

Papa Valens akanikumbatia, akasema hajaonaka pasi ya upendo kama ile, mutu mwenye alijipendaka sasa anapatia wenzake. Pasi gani? Nikainamisha kichwa.

Halafu Ngabo akakuja anachechemea. Akatoa kitambaa ku mukono yake. Akasema kaka, nilikucheka, nisamehe, leo njo weye kapiteni. Muzaha haikukuwa mu macho yake. Mbele ya batu bote! Kitambaa iko pale, karibu na vidole yangu. Nikawaza: mara hii bamenipenda, mara hii batanilazimisha. Nikirudisha mukono kidogo tu, batanivalisha kwa nguvu, na kuniimbia wimbo.

Nikasema hapana, kaka, hiyo yako.

Bakapiga makofi sana. Ngabo akavaa.

Siku ya kwanza, 13 oktobre

Miguu inauma, lakini akili inakimbia! Nimeona kosa. Nilikataa bila kulia. Leo magaribi comité ya equipe inatafuta kapiteni wa pili, na Papa Valens ametuma mutu kusema jina yangu iko ya kwanza. Nitakataa na machozi. Batu ba Mweso hawawezi kuacha mutu analia. Weye, Grand, ungekataa mara moya, ao mara mbili?