Babu Anaanzisha Mbio Mwezini

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu Kidoti ametoka kurusha kiberiti angani sasa hivi. Anarudi nyuma hadi ukutani, anakimbia, anarusha, anapiga kelele: Babu, daka! Mara mbili kimemwangukia mwenyewe kichwani. Mara ya tatu kikatua juu ya paa la wifi, kikabaki hukohuko. Ndipo akaangua kilio.

Namuuliza kulikoni. Eti Profesa kamwambia bastola haiwezi kufyatuka mwezini. Kule hakuna hewa, na moto bila hewa unazimika. Kwa hiyo Babu kasimama na bastola yake, wakimbiaji wameinama mstarini, anafyatua, kimya. Anafyatua tena, kimya. Hawajaondoka mpaka leo. Migongo inawauma!

Profesa ni binti wa wifi yangu. Tunakaa ua mmoja. Yuko darasa la sita, ana miwani, na hajawahi kukosea tangu azaliwe.

Habari ya mwezini nilimpa Kidoti mimi mwenyewe. Baba yangu alipofariki mwaka juzi, mtoto aliuliza Babu kaenda wapi. Mwezi ulikuwa hapo dirishani. Nikasema kaitwa kule kuanzisha mbio. Hiyo si ndiyo ilikuwa kazi yake? Mlinzi wa kiwanja cha michezo, na siku za mashindano ndiye mwenye bastola ya kuanzishia. Mtoto akanyamaza, akalala. Nikajipongeza. Nani angejua kuna mambo ya hewa?

Nimemwahidi: ikifika Jumapili nitakuwa nimethibitisha kwamba Babu anafyatua na wakimbiaji wanaondoka. Kwa njia gani, sijui bado. Lakini akili ninayo.

Jumanne, 4 Juni

Jaribio la kwanza. Nimewasha mshumaa, nikaufunika na glasi. Nikawaita wote uani, hasa wifi, ili ashuhudie kwa macho yake.

Mshumaa ukasinyaa. Ukafa.

Profesa akasema ahsante sana, anti, umenisaidia kuonyesha nilichosema. Wifi akacheka hadi akashika kiuno. Akasema wala hashangai, shule mimi nilipita kama mtu anayepita sokoni bila kikapu. Kidoti akaenda kujificha nyuma ya pipa la maji.

Baadaye nikafungua sanduku la baba. Bastola yenyewe ilirudishwa ofisini. Umebaki ule mkono mweusi wa kitambaa, mmoja tu, aliokuwa akiuvaa juu ya shati siku za mashindano. Mama aliushona. Nimeunusa. Baruti bado imo!

Mara nikawa kiwanjani tena, miguu peku, nimebeba kopo la risasi zake za baruti tupu. Baba juu ya kiboksi. Mkono mweusi juu. Watu wote kimya, hata muuza karanga anafunga mdomo. Nilikuwa mtoto wa mlinzi, viatu sina, lakini dakika ile uwanja mzima ulikuwa unamsubiri baba yangu.

Mbio zenyewe mimi nilikuwa wa mwisho kila mwaka. Baba akawa anasema hajali, ila hakuna mtoto aliyeanza vizuri kama mimi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa nafua, nikaacha shati la baba Kidoti kwenye povu.

Fundi friji pale barabarani ana pampu ya kufyonza hewa kwenye mabomba ya friji kabla hajatia gesi. Nimeiona ikinguruma. Sasa mwezi ni nini, kama si mahali palipofyonzwa hewa?

Bastola ya kuchezea, ile ya fataki, nimeipata kwa muuza vikorokoro. Kilichobaki ni mfuko usiopitisha hewa, wa kuonyesha ndani. Mfuko wa namna hiyo uko mmoja tu katika ua huu. Una blanketi la wifi. Blanketi hilo alipewa harusini na halijawahi kumfunika mtu yeyote. Linatazamwa tu.

Wifi alipokwenda kusuka nywele, nililitoa blanketi, nikalikunja vizuri kuliko alivyolikunja yeye, nikaondoka na mfuko. Nimeazima. Mwenyewe sijamwambia, ili nisimsumbue.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi friji amesema tangu aanze ufundi hajaletewa kazi ya mwezi. Akauliza kama wagonjwa wa kichwa wapo katika ukoo wetu au nimeanza mimi. Lakini alikuwa na hamu kuliko sisi! Akafunika zipu kwa utepe, akaweka bastola ndani ya kikapu cha waya ili mfuko usiibane, akawasha pampu. Mfuko ukasinyaa kama shavu la bibi asiye na meno. Profesa akasogeza miwani. Kidoti akanishika gauni.

Fundi alitaka afyatue yeye. Nikakataa katakata. Hii ni kazi ya ukoo wetu. Nikaivaa sauti ya baba: kwenye mstari, tayari! Nikabonyeza juu ya nailoni, macho nimefumba.

Imewaka! Moshi! Fundi kajikuta nyuma ya friji, hajui kafikaje. Kidoti anaruka: mama, imewaka! Profesa kimya. Sijawahi kusikia kimya kitamu namna ile.

Mfuko umepata tundu. Dogo. Kama kisahani.

Jioni. Profesa kaenda kumuuliza mwalimu wake, karudi. Amekiri mbele ya watu: baruti imechanganywa na kitu cha kuisaidia kuungua, haihitaji hewa ya nje. Bastola ya mwezini itafyatuka. Nikamwita wifi aje asikie. Kisha Profesa akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba mlio ndio hautakuwepo. Sauti inasafiri hewani, na hewa hakuna. Wakimbiaji hawatasikia kitu.

Kidoti akanitazama. Migongo ileile!

Jumapili, 9 Juni

Siku ya ahadi, na mikono mitupu. Nimekaa kitandani. Kidoti kauvaa mkono wa baba, umemfika kwapani na kuzidi. Anauliza kwa nini mweusi. Anauliza kwa nini mmoja.

Nikaanza kumjibu, nikasimama.

Watunza saa, wale wapima muda wa mbio! Walikaa mbali, mwisho wa uwanja, na mlio ulikuwa ukiwafikia umechelewa. Kwa hiyo baba aliwakataza kuusubiri. Tazameni moshi, alikuwa anawaambia, tazameni moshi! Mkono mweusi ni ili moshi mweupe uonekane. Aliniruhusu kusimama nao. Moshi kwanza, kisha mlio. Kati ya moshi na mlio kulikuwa na kipande kidogo cha kimya, na mimi nilikuwa nazuia pumzi humo ndani.

Basi wakimbiaji wa mwezini wanatazama, hawasikilizi! Nikamwita Profesa. Akafuta miwani, akafikiri mpaka nikaanza kutoka jasho. Akasema moshi kule utatawanyika upesi mno, lakini mwako utaonekana vizuri sana, kwa sababu anga la mwezini ni jeusi hata mchana.

Kidoti akautazama ule mkono. Akasema kumbe ndiyo maana Babu alituachia. Kule hauhitaji.

Nikatoka nje kuanua nguo. Kambani hakukuwa na nguo.

Jioni mwezi umetokea mwembamba. Kidoti kautazama, kapunga mkono mweusi. Akasema: wameshaondoka, mama. Akaingia kulala bila kubembelezwa.

Nimeapa. Sitampa mtoto maneno ya kubuni tena. Yana gharama.

Ila wifi anatafuta mfuko tangu mchana, na Kidoti kaniuliza uko wapi. Ningesema nini? Nikasema Babu kauazima, kule kuna baridi. Sasa Kidoti kamwambia Profesa, na Profesa kamwambia mama yake. Si neno. Akili ninayo. Nitasema ni panya. Panya wa siku hizi wanakula hata nailoni, na kwa ile harufu ya baruti nitasema ni dawa ya panya, ndiyo iliyo

Wifi ananiita. Jina langu lote, pamoja na la baba! Nakuja, wifi, nakuja! Nimalizie tu, nisije nikasahau: lile tundu, nikilibandika kiraka cha