Marehemu Ananipita Alama

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimejipiga picha. Suti, tai, kidevu juu kidogo. Nimeichapisha kubwa, nikaitia kwenye fremu, chini nikaandika NAHODHA. Kilichobaki ni kuwa nahodha tu.

Mfamasia, aliyeanzisha timu yetu ya hesabu za kujitolea, ametuma ujumbe kwamba amechoka kuongoza. Jumapili, mwenye alama nyingi kuliko wote atashika nafasi yake. Kazi yenyewe haina jasho. Kompyuta yangu ya studio ikikaa bure, ile kadi yake ya picha, inayonisaidia kung'arisha nyuso za wateja, inapokea kipande cha hesabu kutoka kwa watafiti wa dawa, inakitafuna, inarudisha jibu. Kila jibu lina alama zake. Na nani mtaani ana kadi kubwa kama yangu? Hakuna!

Aliyeniwekea kadi hiyo ni Mwalimu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Nilikuwa nimesahau nywila yangu, kama kawaida. Akabofyabofya, akasema jambo fulani kuhusu jina, lakini macho yangu yote yalikuwa kwenye zile feni tatu zinazowaka bluu. Haukupita muda akafariki. Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwema, na sasa hawezi kugombea.

Nimefungua orodha ya timu. Mimi niko mkiani. Wa kwanza ni Mwalimu!

Jumanne, 5 Agosti

Nilijiambia hizo ni alama za uhai wake. Marehemu hasogei, mimi nitasogea. Nikaiamuru kadi ifanye kazi kwa nguvu zake zote, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaielekezea feni ya Dada. Dada ndiye mwenye nyumba, na studio ni chumba chake cha mbele. Akaniuliza feni yake iko wapi. Nikasema iko kwa fundi. Kwa bahati mbaya ilikuwa ikivuma nyuma ya pazia.

Jioni nikatazama orodha. Mimi palepale. Mwalimu amepanda. Amepanda kuliko siku zote!

Nikaifunga, nikaifungua tena. Amepanda tena.

Nilimsimulia Dada. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaondoka na feni yake. Sijui nguo zinahusiana nini na haya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeweka sikio ukutani, upande wa chumba cha Mwalimu. Kuna mvumo. Mwembamba, hauna kituo, kama mtu anayevuta pumzi asiitoe. Nikagusa ukuta. Una joto! Kusikiliza kwenyewe kulikuwa kwa shida, maana kompyuta yangu imeegemea ukuta huohuo na ilikuwa ikinivumia magotini.

Nimeelewa. Mashine ya marehemu haikuzimwa. Iko humo ndani, inapiga hesabu peke yake, inanipita alama. Kesho nitajifanya nimekwenda kumsaidia mjane kufuta vumbi, nami nitaichomoa kimyakimya. Mpango safi.

Picha ya Mwalimu, niliyoipiga mwenyewe, imetundikwa studio kama sampuli. Nimeigeuza itazame ukuta. Nilipotoka kunywa maji na kurudi, ilikuwa inanitazama mimi. Nilipiga yowe. Dada anasema ni yeye aliyeigeuza, haoni sababu ya kumnunia maiti.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwandiko unisamehe, nimerudi mbio.

Nilimwamkia Mama Mwalimu, yule mjane, nikamwonyesha brashi yangu ya kufutia lenzi, nikasema vumbi ni adui wa kompyuta. Akaniombea dua, akanifungulia chumba. Kiti kimesogezwa nyuma kidogo, kama mtu aliyeinuka kuitikia mlango. Miwani imekunjwa juu ya kibodi. Kompyuta imefunikwa kitambaa. Nikapitisha mkono chini ya kitambaa nitafute waya.

Baridi. Baridi kama jiwe! Na waya umekunjwa vizuri juu yake, umefungwa kwa uzi.

Mama alisema aliuchomoa mwenyewe siku waliyorudi makaburini, na hakuna aliyeugusa tena. Nikauliza, basi nani anapiga hesabu? Akatoa simu. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, hufungua orodha na kumtazama mumewe. Kila asubuhi amepanda. Hana hofu hata chembe. Alisema Mwalimu, akiwa kitandani hospitali, alimwambia kwamba dawa inayotafutwa ni ya ugonjwa huohuo wake, na kazi hii hataiacha njiani.

Na hajaiacha, akasema, akatabasamu kama mke anayemsifu mume mbele ya wageni. Akaniuliza kama nami namwona anavyopanda. Nikasema namwona.

Nimesahau brashi kule. Na kiatu kimoja.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechomoa kila chenye waya. Kompyuta, taa za studio, hata pasi. Nimekaa katikati ya chumba, miguu juu ya kiti. Wateja nimewaambia mashine inaumwa.

Mchana nikapiga moyo konde, nikafungua orodha kwenye simu. Mwalimu hajasogea. Jioni: hajasogea!

Nimemweza! Ukimwonyesha mzimu kwamba humwogopi, anakimbia. Ukuta nao umepoa na mvumo umekwisha. Sasa nimebakisha kuwapita walio hai tu. Nitaiwasha kompyuta nikishapata ujasiri.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Mwalimu amekuja na simu mkononi, macho mekundu. Mwalimu amesimama tangu jana. Aliuliza kama mimi, mtu wa mashine, naweza kujua kimempata nini. Alisema siku ya maziko hakulia, maana aliona kama mumewe ametangulia kazini tu. Leo ndiyo amekufa. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia jeupe, akalia kilio alichokiweka siku zote hizo.

Nilimhurumia. Nasema wazi, nilimhurumia.

Dada alimletea chai, kisha akanivuta pembeni. Nilizima kompyuta lini? Jana. Na Mwalimu amesimama lini? Jana. Akanitazama kama anavyotazama maziwa yaliyoganda. Akaichomeka mwenyewe, feni zikawaka bluu, na dirisha la ile kazi likafunguka. Juu kabisa, mahali ambapo sijawahi kutazama, kuna jina la mwenye alama.

Mwalimu.

Kumbe ni kadi yangu! Joto langu, mvumo wangu! Marehemu hajapiga hata hesabu moja! Nikaweka kidole kwenye kipanya. Mbofyo mmoja, na kila kitu kinakuwa changu. Mara simu ya Mama ikapokea orodha mpya, naye akasema kwa sauti ndogo kwamba mumewe ameamka. Ameamka, ameamka, akaibana simu kifuani.

Nikaondoa kidole. Dada alininong'oneza kwamba nikiligusa jina hilo nitafute chumba kingine cha studio. Iandikwe hapa kwamba kidole kilikuwa kimeshaondoka kabla hajanena. Kabla kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Nahodha ni Mwalimu. Mfamasia amekuja kuchukua fremu yangu, akanitoa mimi, akamtia yeye. Anasema imemkaa vizuri, hata maandishi yako tayari.

Lakini sijakubali! Nimetoa lenzi yangu bora na kubadilishana na kompyuta nyingine. Kadi ina feni nne! Ile ya zamani imtumikie marehemu, hii ni yangu peke yangu. Ni nywila tu nimeisahau. Dada amekataa kunisaidia. Mama Mwalimu, ambaye leo amekuja na kazi yake ya kufuma akakaa karibu na ule mvumo, akajitolea, maana mumewe alimfundisha kidogo. Akavaa miwani ya marehemu, akabofyabofya, akasema jambo fulani kuhusu jina. Feni zikawaka. Nyekundu, kijani, zambarau! Nikamwambia sawa, Mama, sawa.

Dada, akiwa mlangoni, alisema sikio la kufa halisikii dawa. Nadhani alimaanisha Mwalimu.

Jioni nimefungua orodha. Mimi mkiani. Mwalimu amepanda maradufu. Nywele zimenisimama.

Mara hii ni mzimu wa kweli.