Ombi la Kumkataa Binti Yangu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Udaktari,

Mheshimiwa, pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani, baba wa msichana anayeomba nafasi chuoni kwenu. Kwa heshima na taadhima, naomba mumkatae. Kufika kwenu ni safari ya siku mbili, na huku chuo cha udaktari tunacho: nikiwa kwenye cherehani yangu naliona lango lake, na mlinzi akisinzia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Walimu wa chuo cha huku nimewapima viuno wote. Yule wa mifupa ana bega moja lililoshuka, nami huliinua kwa pamba. Wa kwenu sijampima hata mmoja. Nitamkabidhije mwanangu kwa watu nisiojua viuno vyao?

2. Nasikia kwenu mwanafunzi anaanza kushika wagonjwa mwaka wa kwanza. Mheshimiwa, kwangu mwanafunzi hutia vifungo mwaka mzima kabla sijampa mkasi, na kitambaa hata hakipigi kelele.

3. Wagonjwa tunao nyumbani. Mama yake ana presha inayopanda kila nikichelewa kurudi. Bibi yake ana goti linalotabiri mvua. Shangazi yake ana ugonjwa ambao madaktari wote wameshindwa kuuona. Awafuate wa nini huko?

4. Macho yangu yamechoka, na tangu akiwa mdogo yeye ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano. Juzi hakuwepo, nikajaribu mwenyewe, nikaishia kuushona mfuko wa mteja ukazibika kabisa. Mteja hadi leo anadhani ndiyo mtindo mpya. Lakini sindano ni kisingizio tu, Mheshimiwa. Nitamkosa, basi.

5. Kama kumkataa ni vigumu, hamishieni chuo huku. Nyuma ya duka langu pana uwanja mtupu, ukiondoa gari bovu la jirani. Makoti ya wanafunzi nitashona mimi.

Msidhani sijaongea naye. Nimeongea. Akanijibu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi ndiye niliyemfundisha kufuata kitambaa kizuri hata kama duka liko mbali. Ndipo nikaamua kuwaandikia ninyi.

Nisalimie walimu, wapishi, walinzi, na wale waliolala kwenye chumba cha mafunzo wasioweza kuitikia.

Wako katika kupima na kukata,
Baba yake, fundi wa kona

Nyongeza: Huko kwenu kuna baridi? Koti lake jeupe nimeshalishona, limebaki bitana tu. Uzi wote alinitungia mwenyewe, akidhani nashona shuka. Mikono nimeiacha mirefu kidogo. Mama yake anasema msichana wa umri ule harefuki tena, lakini anayempima ni mimi. Tafadhali nijibuni upesi kuhusu hiyo baridi, nisije nikamwachia mtoto aondoke na koti jepesi.