Kurasa Nane za Nusaiba

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Wasomaji kumi na saba leo! Nimewahesabu mwenyewe, nimekaa benchi la kinyozi nikijifanya nasubiri zamu. Ubao wangu, Jicho la Msomaji, umetundikwa ukutani kwa Azzam kinyozi, hapa Tabata. Kila Alhamisi nabandika karatasi mpya ya manila yenye uhakiki wa hadithi za vijana. Chini naacha nafasi ya maoni, na penseli iliyofungwa kwa uzi. Penseli imeibiwa tena. Ya nne hiyo.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kioski cha maziwa, Theonest naye ana ubao. Kaniiga. Anapiga taipureta, na watu wa huku wakiona taipureta wanadhani wameona akili. Anajisifu kwamba kila kitabu hukisoma mara mbili. Mtu mwenye shughuli zake hawezi.

Habari kubwa: mhariri wa gazeti moja jipya la mjini katuma salamu. Siku hizi kila ukiamka kuna gazeti jipya. Anatafuta mtu wa safu ya vitabu vya vijana, na wiki ijayo atapita kuona ubao upi una watu. Safu hiyo ni yangu! Miaka miwili sasa tangu shirika la uchapaji linipunguze kazini na kunipa maboksi matatu ya vitabu badala ya kiinua mgongo. Mke wangu yuko kwao, anasubiri nipate kazi inayoeleweka. Barua zake zimeanza kuwa fupi.

Tatizo ni moja. Maboksi yamekwisha. Vitabu vyote nimevihakiki, kimoja mara mbili kwa bahati mbaya, na mara ya pili nilikisifu. Nahitaji hadithi mpya, ambayo Theonest hana.

Jumanne, 7 Septemba

Imeletwa mlangoni!

Nusaiba, binti wa Mzee Nassibu, kidato cha pili, miaka kumi na sita. Huwa anaazima vitabu kwangu. Amekuja kurudisha kimoja, shangazi yake kasimama nje kama askari. Akaniamkia shikamoo mjomba, akatoa kitabu, na kutoka ndani ya khanga akatoa kauntabuku nzima iliyojaa maandishi. Ameandika hadithi! Kurasa tisini na kitu, kwa mkono, mistari yote imenyooka.

Aliongea chini chini na harakaharaka. Aliniuliza kama ni kweli nilivyoandika ubaoni kwamba mimi husoma kila neno mpaka nukta ya mwisho. Nikamwambia bora nife kuliko kuruka mstari. Akasema basi nisome leo hiihii, hasa ukurasa wa mwisho. Akarudia, ukurasa wa mwisho, mjomba. Macho yamemtoka. Shangazi akaita, binti akaondoka bila kuaga.

Waandishi wachanga wote ndivyo walivyo, wanadhani mwisho wao hauna mfano. Nimemwonea huruma kidogo. Nimeiweka hadithi chini ya godoro, Theonest asije akaiona.

Jumatano, 8 Septemba

Nimesoma kurasa nane. Zinatosha. Mwenye uzoefu akionja mchuzi anajua chungu chote.

Inahusu msichana aitwaye Tunu. Baba yake anamwoza kwa mfanyabiashara wa saruji na misumari mwenye umri wa baba huyohuyo. Tunu hataki, anataka kusoma. Mwalimu wake mpendwa yuko semina Morogoro, anarudi Jumatatu, na Tunu anapanga kumpelekea habari kabla ya harusi. Hapo ndipo nilipoishia, usingizi ukanichukua. Saa nane mchana, joto lile, nani angeweza?

Uhakiki nimeumaliza kabla ya magharibi. Nimeusimulia mpango wote, wa mwalimu, wa Morogoro, wa Jumatatu, maana wasomaji wa Azzam hawapendi kuachwa njiani. Kisha nimekosoa. Baba hana uhalisia. Baba gani wa leo, mwaka tisini na tatu, vyama vingi vimeshaingia, atamtoa binti shuleni amwoze bila hiari yake? Nimemshauri mwandishi amalizie kwa harusi nzuri yenye ngoma, wasomaji wanapenda harusi. Nimempa alama mbili kwa tano. Ukiwasifu sana wanaharibika.

Jina nimelificha, kwa heshima. Nimeandika tu: N., binti wa mtaa huu, kidato cha pili.

Alhamisi, 9 Septemba

Wasomaji arobaini na moja! Azzam amelalamika kwamba waliokuja kunyoa wamekosa pa kukaa. Theonest alisimama mlangoni mwa kioski chake akitazama, nikampungia mkono.

Maoni tisa. Mengi ni matusi ya kawaida. Moja limenikera, limeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Braza, umesoma yote kweli? Mie naona hii siyo hadithi." Najua ni Theonest. Nimelifuta kwa mate na kidole.

Jioni akaja shangazi wa Nusaiba. Alisoma karatasi yote kwa makini, midomo ikicheza. Msomaji wa rika lake, ni heshima. Akaniuliza kwa upole N. ni nani. Nikasita kidogo. Lakini akasema hadithi imemgusa sana, angependa kumpongeza mwenyewe. Basi nikamwambia. Mwandishi akipongezwa na nduguze hupata nguvu ya kuandika zaidi. Akaulizia pia daftari liko wapi, nikasema liko salama, halitoki mkononi mwangu mpaka mhariri alione.

Aliondoka bila hata kusema ahsante.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimealikwa harusi! Mzee Nassibu kaja mwenyewe baada ya sala ya Ijumaa. Anamwoza Nusaiba kwa Bwana Twaha, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na Ubungo. Ilikuwa ifanyike Jumapili ya tarehe kumi na tisa lakini wameirudisha nyuma, sasa ni keshokutwa. Nikamuuliza kulikoni haraka hiyo. Akasema mambo ya heri hayacheleweshwi, akanitazama vibaya, nadhani jua lilikuwa linampiga.

Kumbe binti alikuwa anachota kutoka maishani! Sasa naelewa alivyojua bei ya saruji. Ningejua ningempa alama tatu.

Lakini nimejisikia vibaya kidogo baada ya chakula. Nilipita nyuma ya nyumba yao kwenda bombani, nikasikia mtu analia chumbani, kilio cha kuzibwa na mto. Nikasimama. Ndoo ikawa nzito. Nikajiambia maharusi wote hulia, dada yangu alilia siku tatu, leo ana watoto sita. Nikaenda zangu.

Jumapili, 12 Septemba

Pilau safi. Nyama nyingi. Nilipewa nafasi ya mbele, pengine kwa ajili ya ubao.

Sikumwona bi harusi, wanawake walikuwa upande wao. Alipotolewa kupelekwa kwenye gari walimfunika, na shangazi alimshika mkono juu ya kiwiko, akamshika hasa. Alipopita karibu yangu alisimama. Nadhani aliviona viatu vyangu. Alisema neno moja, mjomba, kwa sauti ya mtu anayeuliza. Nikamjibu kwa furaha kwamba uhakiki umebandikwa tangu Alhamisi na watu wameupenda sana. Wakamvuta. Anahamia Mbezi Luis, Bwana Twaha amejenga kule porini.

Nimerudi na pilau kwenye mfuko. Sijaweza kuila, sijui kwa nini.

Jumatatu, 13 Septemba

Siku mbaya. Niandike yote.

Mhariri hakuja. Walikuja Theonest na Mwalimu Najat, kwa pamoja, wameingia kwa Azzam moja kwa moja mpaka kwenye benchi langu. Mwalimu Najat ndiye aliyekuwa Morogoro. Karudi asubuhi, kakuta dawati la Nusaiba tupu, kasoma ubao wangu. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema Nusaiba ni mwanafunzi wake wa kwanza darasani. Alisema ana jamaa zake mjini, wanawake wanasheria, na sheria ya ndoa inataka ridhaa ya binti mwenyewe. Nyumbani wote wataapa kwamba alikubali. Kitu pekee kinachosema kwamba alikataa, kwa mkono wake na kabla ya harusi, ni ile kauntabuku. Ananiomba nimpe.

Theonest akaongeza kwa unyenyekevu kwamba kesho asubuhi wanaweza kuwa nayo mjini. Yeye! Na daftari langu!

Nikasema nitafikiri. Nikaenda nyumbani, nikafungua ukurasa wa mwisho.

Hakuna hadithi pale. Hakuna Tunu. Kaandika: Mjomba Revelian, mimi ndiye Tunu. Kuanzia kesho siruhusiwi kutoka. Tafadhali mpe Mwalimu Najat daftari hili akirudi Jumatatu, usimwambie mtu mwingine yeyote. Nimekuchagua wewe kwa sababu unasoma mpaka mwisho. Chini kaweka jina lake kamili na tarehe.

Nililia. Naandika ukweli, nililia kama mtoto, nimekaa sakafuni, na jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba. Mimi ndiye niliyewaambia. Siku, mahali, mwalimu, vyote nimeviandika kwa makapeni nyeusi, herufi kubwa, ili hata wenye macho mabovu wasome. Nimemuuza mtoto wa watu.

Kesho alfajiri nampelekea Mwalimu daftari. Nimeapa.

Jumanne, 14 Septemba

Nimeamka na akili zangu.

Nilifika mpaka kwenye lango la shule, daftari kwapani. Kupitia dirishani nikawaona ofisini, Mwalimu Najat na Theonest, na mbele yao ile taipureta! Theonest anaweka karatasi. Ya nini, kama si kunakili? Mwalimu akisema ni ya kuwaandikia wanasheria, nani atathibitisha? Alhamisi ningekuta Nusaiba mzima kapigwa chapa kwenye kioski cha maziwa, na mhariri anapita wiki hiihii. Ugunduzi ni wangu. Mwandishi ni wangu!

Nikageuza. Mwalimu Najat aliniona, akatoka mbio mpaka barabarani, kiatu kimoja kikamvuka mguuni. Alinisihi, akanishika mkono mbele za watu, machozi yakimtoka. Akasema kila siku inayopita inakuwa vigumu zaidi. Nikamjibu kwa adabu kwamba daftari ni mali ya mwandishi na litarudishwa kwa mwandishi. Akaniachia mkono. Hoja nzuri humnyamazisha mtu.

Usingizi haukuja. Si dhamiri, ni mbu.

Jumatano, 15 Septemba

Nimemaliza jambo hili kiungwana, na nafsi yangu imetulia.

Kwenda mpaka Mbezi Luis ni mbali, na kuingia kwa mke wa mtu mwenyewe hayupo si adabu. Kwa hiyo nimekwenda dukani kwa Bwana Twaha. Nimelifunga daftari kwa gazeti, nikafunga na uzi. Ndani nimeweka barua kwa Nusaiba. Nimemwomba radhi kwa kuchelewa kusoma, nikampongeza kwa ukurasa wa mwisho, ambao kwa kweli una nguvu kuliko kurasa zote nane, na nikamwomba sehemu ya pili, sasa kuhusu maisha ya ndoa. Nimemshauri aandike wazi bila woga, na aipitishe kwa mumewe hapohapo dukani, aniletee mimi tu. Nimempandisha mpaka alama nne.

Bwana Twaha alikuwa anampimia mteja misumari. Nikamkabidhi mkono kwa mkono, nikamweleza kwamba mkewe ana kipaji. Akakata uzi. Hakuanzia mwanzo, alifungua nyuma kabisa, akasoma amesimama, polepole, kila neno. Akarudi akasoma tena. Theonest peke yake ndiye niliyedhani husoma mara mbili.

Alimrudishia mteja pesa zake, misumari ikabaki kwenye mizani. Akafunga duka saa nne asubuhi, milango yote miwili, akaingia kwenye pikapu na daftari mkononi, akaondoka kwa kasi kuelekea Mbezi. Sijawahi kuona mwanamume anayethamini maandishi ya mkewe kiasi hicho! Ikifika Jumamosi bila sehemu ya pili, nitakwenda kumkumbusha.