Bibi Alivyotaka Nifutwe Kwenye Orodha Nyeusi

Leo nimepata aibu ya kugawia ukoo mzima na ikabaki.

Mnamkumbuka Ndayi, yule Mrundi wa dawati langu, aliyeondoka na wazazi wake kwenda Kanada mwaka jana? Tangu aende namwandikia barua pepe. Hajibu. Leo baada ya vipindi nikaenda intaneti kafe, nikamwandikia ya mwisho, ya hasira. Punde ikarudi na Kiingereza kirefu. Nikaambulia maneno mawili tu: orodha nyeusi.

Ndayi kaniweka kwenye orodha nyeusi. Mimi, niliyeshiriki naye kaptula moja ya kuogelea ziwani Kibirizi! (Mmoja majini, mwingine kajificha nyuma ya mtumbwi akisubiri zamu.)

Nikaenda kumshtaki kwa bibi yake, anayeuza mawese palepale Kibirizi. Hapo ndipo nilipokosea. Bibi ameishi kambi ya wakimbizi miaka mingi. Kwake orodha ni karatasi iliyobandikwa ubaoni, na jina lako likikaa vibaya, hupati hata unga.

"Wameibandika wapi?"

"Kwenye kompyuta, Bibi."

"Twende, mwana wanje, mwanangu."

Akaacha mawese kwa jirani, akakaza kitenge, tukapanda hadi mjini kwa miguu. Kafe imejaa kidato cha nne (wasichana pia, ndiyo). Bibi akamsimamia Kaka Rama, mwenye kafe.

"Mfute huyu. Ni Muha wa hapahapa, mama yake namjua. Hana kosa, ni mjinga tu."

Nikafungua barua yangu, Kaka Rama akaangalia, akacheka.

"Bibi, aliyezuiwa si yeye, ni kafe yangu. Kuna tapeli alikaa humu akawatumia watu barua za bahati nasibu. Sasa kila kinachotoka hapa kinaonekana cha tapeli, kinatupwa au kinarudishwa."

"Na huyu aliandika nini?"

Nikasema si kitu. Kaka Rama akasoma kwa sauti: "Ndayi, umeshakuwa mzungu. Kama urafiki umekwisha, nirudishie kaptula yangu. Nakukumbuka mpaka nalia kwenye hesabu."

 Kafe nzima ikalala chini kwa kicheko.

Kaka Rama hajamaliza. Akabonyeza kapu la barua taka, mahali ambapo mimi sijawahi kuchungulia. Barua kumi na moja za Ndayi, zimetupwa humo pamoja na matangazo ya dawa za upara. Ya mwisho ina kichwa: "Mbona hunijibu? Kaptula ninayo, naivaa ndani ya suruali, huku baridi."

"Unalia?" Bibi akauliza.

"Mwanga wa kompyuta, Bibi."

Jumamosi tunakwenda kumjibu kwa kompyuta ya parokia. Bibi ameapa kunisimamia.

Na kesho darasani, atakayetaja neno kaptula namweka kwenye orodha. Nitaibandika ubaoni mwenyewe.