Nilivyomupandisha Mama Mukwe Hewani

Bandugu, leo nimeaibika, tena mbele ya jirani bote. Ninaeleza minyi mwenyewe kabla bengine hawajaeleza, maana bao bataongeza chumvi.

Munanijua. Minyi ni muntu wa nyumbani. Kiti changu kiko nyuma ya nyumba, chini ya muti wa avoka, na kimeshika umbo langu. Muke wangu Ngoie anasema siku nikifa watu batazika kiti kwa makosa.

Kaka yake, Yaya Banza, ana trakta ya zamani, na musimu wa kulima unakaribia. Anatafuta dereva. Jana akaniambia: "Shemeji, Mama anafika kesho na treni ya Bukama. Kamuchukue na trakta pale gare, treni inaposimama. Akifika muzuri na akikubali, iko yako musimu huu."

Akikubali. Hapo njo palikuwa na miiba. Mama mukwe anaamini mutoto wake aliolewa na muto wa kiti. Kwa hiyo nilikuwa nimemutumia habari kwa simu ya Ngoie kwamba siku hizi nimelima bustani ya kabichi nyuma ya nyumba, na ninaimwagilia asubuhi na jioni. (Kabichi hizo ziliota ndani ya simu tu.)

Sasa, hiyo trakta ina ugonjwa. Injini ikiwa ralenti, yaani ikizunguka polepole, volan, ule usukani, inakuwa nzito kama unapindua ng'ombe aliyelala. Na mikono yake ya nyuma, ile ya kubeba jembe, inapanda kama muzee anayeamka kwenye maombi. Sababu ni pompe, pampu ya mafuta inayosaidia volan na mikono: inazungushwa na injini, na injini ikisinzia, nayo inasinzia. Yaya Banza alinionya: "Filtre ya kuchuja mafuta imeziba. Nimeagiza ingine Lubumbashi. Kwenye kona ongeza gaz kidogo injini ikimbie, basi. Usiguse kitu."

Nikagusa.

Leo asubuhi nilichukua ufunguo wa fundi nikakaza vis ya ralenti, skrubu ya mwendo wa injini. Injini, hata ikipumzika, ikawa inalia kama mashine ya kusaga muhogo. Lakini volan ilikuwa nyepesi, unaigeuza na kidole kimoja. Nilizunguka mbele ya gare bila sababu, ili watu baone hicho kidole.

Kwetu Baluba mukwe hatazami mama mukwe usoni, wala hamuongeleshi moja kwa moja. Neno linapita kwa muntu wa tatu. Trakta ilifaa sana kwa heshima hiyo. Minyi mbele, Mama nyuma ndani ya sanduku la mbao tulilofunga kwenye ile mikono, amekaa kwenye kiti cha plastiki na kitunga chake cha samaki ya kukausha. Migongo inatazamana. Ngoie pembeni, juu ya bati la tairi, anabeba maneno.

"Ngoie, uliza bwana yako anakimbia nani."

"Mama anauliza unakimbia nani."

"Ambia Mama ni nguvu ya mashine."

"Anasema ni nguvu, Mama."

"Nguvu? Basi leo njo siku ya kwanza naiona katika hii ndoa."

Tulipofika sokoni Ngoie akashuka kununua lengalenga.

"Mboga ya kununua ya nini," Mama akauliza, "na bwana yako iko na kabichi?"

"Zingali ndogo, Mama," Ngoie akajibu, akanitupia jicho, akapotea kati ya watu.

Nikaendelea na Mama hadi nyumbani. Kuingia lupango wetu, uwanja wa nyumba, lazima uvuke mufereji, kwa hiyo nikataka kuinua sanduku kidogo lisigonge. Sasa mukono wangu ulikuwa umezoea ule uvivu wa zamani wa trakta. Ukavuta fimbo ya kuinua mpaka mwisho.

Sanduku likaruka juu. Kiti, kitunga na Mama, vyote hewani. Akakumbatia kitunga chake.

Nikashtuka, nikazima injini. Kosa la pili. Betri ya Yaya Banza haiwashi kitu, trakta inasukumwa kwenye muteremuko ili iwake, na njia yetu ni tambarare kama sahani. Minyi katika akili yangu: injini imekufa, basi hakuna kushuka.

Jirani bakafika. Nikabaomba babebe neno kwa Mama, lakini hakuna aliyeweza kufungua kinywa bila kucheka. Alibaki kuku, yule nilinunua wa kumukaribisha Mama, amefungwa karibu na miguu yangu.

"Kuku," nikasema, "ambia Mama avumilie kidogo."

Jibu likaja kutoka juu: "Kuku, uliza mukwe, hiyo kidogo njo mpaka mvua ianze?"

"Kuku, sema hapana."

"Kuku, umuulize tena. Hapa juu naona nyuma ya nyumba yake. Kabichi ziko wapi?"

Bandugu, ukuta wangu wa nyasi ulikuwa umenificha miaka yote. Sikufikiria kwamba iko siku muntu atatazama ndani kutoka mbinguni.

"Kuku, ambia Mama ziko upande wa pili."

"Kuku, upande wa pili napaona pia. Iko kiti. Iko na shimo katikati."

Kuku alinyamaza. Ana adabu kuliko jirani zangu.

Yaya Banza akafika na kinga, baiskeli yake. Akapanda trakta, akasukuma fimbo, na sanduku likashuka taratibu kama mutoto analazwa. Injini haikuwaka hata kidogo.

"Kupanda njo kunaomba injini," akaniambia. "Kushuka, ni uzito tu wa..."

Akaishia hapo. Hata yeye, mutoto wa tumbo la Mama, aliogopa kumaliza.

Kisha akaona vis. "Uligusa."

"Volan ilikuwa nzito, Yaya."

"Volan inaomba filtre. Weye unapigia mugonjwa ngoma ili acheze, halafu unasema amepona."

Mama akakung'uta kikwembe alichojifunga, akanipa mugongo. "Banza, mupatie trakta."

"Mama?"

"Mupatie. Ni kazi ya kukaa, na kukaa anajua kupita bote. Minyi nitabaki hapa mpaka nile hizo kabichi. Na huyo kuku asichinjwe. Tutamuhitaji."

Basi ninaandika haya nimesimama, jembe pembeni. Kiti changu amekikalia Mama. Mwenye kutaka kunicheka asinicheke usoni; apitishe kwa kuku.